Figo Langu Kwenye Kona ya Ua

Mimi kutulia sijui. Mama alikuwa akisema nilianza kutembea kabla sijajua kukaa, na biashara huria ilipoingia Kariakoo nilipata kazi ya tabia yangu: kushusha marobota ya mitumba, kuyafungua, kunadi, kisha kukimbilia mengine kabla wenzangu hawajayadaka. Kwa hiyo nilipoanza kukojoa damu nilisema ni uchovu. Daktari akaona uvimbe kwenye figo la kushoto.

Alinieleza polepole, mimi nikichezesha mguu chini ya meza yake. Figo litatolewa lote. Litakalobaki ni zima, litafanya kazi ya mawili. Lakini uvimbe ni lazima upimwe. Kama si saratani, nitauguza kidonda na kurudi kwenye mambo yangu. Kama ni saratani, hiyo ni vita nyingine, na hatutaijua mpaka majibu yatoke.

Nilizinduka ubavu ukiwaka moto. Nilipotaka kukohoa nilikumbatia mto, na kucheka ndiko kulikuwa marufuku kabisa. Nesi aliponisimamisha kwa mara ya kwanza nilitaka kufika getini. Akanirudisha kitandani kama mtoto mtoro.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, hospitali za namna hiyo ndiyo kwanza zimeanza kuruhusiwa, na haikuwa na maabara ya kupimia uvimbe. Utaratibu wao ulikuwa ndugu wa mgonjwa abebe sampuli mwenyewe na kuipeleka kwenye maabara kubwa mjini. Ndugu niliyekuwa naye ni mama tu. Walimkabidhi chupa ya mdomo mpana, figo likiwa ndani ya dawa ya kulihifadhi, akaizungushia kanga na kuondoka nayo.

Nikaruhusiwa kurudi kwenye chumba chetu cha kupanga Kariakoo, nyumba ileile nilimozaliwa. Masharti: ninywe maji mengi, nisibebe kitu kizito, nisimeze vidonge vya maumivu ovyo. Nje mikokoteni ya marobota ilipita, nami nikaionea wivu. Kila siku nilimuuliza mama habari za majibu.

"Bado, mwanangu. Kunywa maji."

Nikanywa. Niliogopa kufa, na hofu yangu ilikuwa ya miguuni. Nilizunguka ua nimeshika ubavu mpaka wapangaji wenzetu wakanitania kwamba nitachimba mtaro.

Siku ya kutolewa nyuzi, daktari naye aliuliza majibu. Sikumngoja mama tena. Nilikwenda maabara mwenyewe, nimepinda upande mmoja, jasho linanitoka. Karani akatafuta, akarudia kutafuta, akaniambia hakuna kitu kilichowahi kuletwa kwa jina langu.

Mama nilimkuta uani anachambua mchele. Hata shikamoo sikumpa. Nilimuuliza figo langu liko wapi, naye hakukana. Alinyoosha mkono kwenye kona, penye mpapai.

"Nimelizika pale lilipozikwa kondo lako la nyuma," alisema. "Nimelivika kitambaa cheupe."

Nilifoka. Nilimwambia ameniua. Aliniacha nimalize, kisha akanikumbusha habari za baba, ambaye alikatwa mguu baada ya kuumia kwenye karakana ya reli, mtaa wa Gerezani. Mguu ule hospitali waliutupa, na baba hakumaliza mwaka.

"Mguu ulimwita," alisema mama. "Wewe sitaki uitwe."

Daktari alivua miwani aliposikia. Alisema hata tukilifukua, limeshaharibika, halipimiki. Nilichobakiwa nacho ni kurudi kliniki mara kwa mara na kungoja. Kungoja, mimi! Miaka ikapita hivyo. Nikiambiwa niko salama, natoka nimepona mpaka jioni. Kovu likiwasha kidogo, nasimama na kuanza kuzunguka chumba. Nilimpenda mama na nilimkasirikia, na mara nyingi vyote viwili vilinijia kwenye sahani moja ya wali. Akafa yeye kwanza, mimi nikiwa bado sijui nilikuwa na nini.

Mwenye nyumba akauza kiwanja, walionunua wakaja kujenga ghorofa la maduka. Siku tingatinga lilipoanza kuchimba msingi, nilisimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Malori yalikuwa yanabeba udongo kwenda kujazia mashimo bonde la Jangwani. Nilipoona tingatinga linasogelea ile kona, miguu ilinipeleka yenyewe. Nilimwomba dereva asimame kidogo, nikainama penye kisiki cha mpapai na kuchota udongo kwa kopo la maziwa. Akaniuliza kuna mali gani pale. Nikamjibu kuna kitu cha mama.

Nilikwenda moja kwa moja makaburini, nikaufukia udongo ule ubavuni mwa kaburi la mama. Kisha nikakaa. Nilikaa hadi aliyekuwa akifyeka majani akaja kuniuliza kama naumwa.