Vituta vya Mchanga Chini ya Maji

Marahaba, mwanangu, karibu ukae. Uliponionyesha mtungi wako wa hewa na ile dira ya mkononi, nilikumbuka siku moja pale Kigombe, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Sisi mitungi hatukuwa nayo. Tulikuwa na miwani ya mbao, na pumzi aliyotujaalia Mungu.

Nilikuwa nikizamia madema, ile mitego yetu ya samaki, pamoja na mjomba wangu Mbwana. Yeye hubaki ngalawani. Akiona nimekawia, hugonga ubavu wa chombo kwa kafi, ishara ya kwamba rudi juu. Siku ile mvua za milimani zilikuwa zimeshusha tope hadi baharini, na huko chini sikuona hata mkono wangu. Nikajipenyeza chini ya mwamba bila kujua. Nilipotaka kuibuka, kichwa kikagonga jiwe.

Nikasikia ngo, ngo, ngo. Loo, nikafurahi! Nikaufuata mlio ule, nikakuta jiwe. Nikageuka, sasa walia nyuma yangu. Huko nako jiwe. Majini, mwanangu, sauti hutoka kila upande. Kifua kilikuwa kikiwaka moto, na mama yangu hakuwa na mtoto mwingine ila mimi.

Ndipo nilipokumbuka maneno ambayo mjomba alikuwa akinichosha nayo kila asubuhi: ukipotea, papasa mchanga. Mawimbi huuacha na vituta vidogo vidogo, na ubavu wenye mteremko mkali ndio unaoelekea pwani. Nami nilikuwa nimeingilia upande wa pwani, maana ngalawa tuliitia nanga huko. Nikatulia, nikapapasa, nikatoka.

Mjomba alinivuta kwa makwapa hadi ngalawani, nikamweleza nilivyoufuata mlio wake.

“Mwana wa dada, mie nakwambia rudi, we wadhani nakuonyesha njia? Kwani mie najua uliko? Mamako ningemwambiaje?”

Akanipiga kofi la mgongoni, kisha akanikumbatia, akalia. Nilimpenda sana mzee yule, nami nampenda hata leo aliko.

Basi shika haya, mwanangu. Haraka haina baraka, na majini hata pumzi haina. Ukipotea, huko baharini au huku kwetu nchi kavu, utasikia tunakuita, mamako, mimi, jamaa zako wote. Tunakuita kwa kukupenda, lakini ulipo hatupaoni. Tulia kwanza, upapase kwa mkono wako mwenyewe, ndipo uende. Mola akupe pumzi ndefu na moyo mtulivu, na kila uzamapo akurudishe kwetu sisi tunaogonga.