Gauni la Bafta

Wakati ule kitambaa cheupe kilikuwa hakipatikani. Duka la ushirika la kwetu Temeke lilikuwa na kaniki nyeusi tu, na siku nyingine hata kaniki hakuna. Kwa hiyo jirani aliponiletea bafta nyeupe nimshonee binti yake gauni la harusi, sikumuuliza ilikotoka.

Magauni makubwa nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama picha za gazeti kuukuu la mitindo ya Paris na kufumua nguo chakavu nione zilivyounganishwa. Picha moja ilikuwa hainitoki kichwani: gauni la marinda membamba, yamebana kiunoni, yanafunguka mvaaji anapotembea. Nililishona hilo. Marinda yote niliyashikiza kwa mkono, kwa sababu cherehani huyavuta. Bafta ni kitambaa cha kawaida, lakini ilianguka kama hariri. Nilipoipiga pasi ilitoa harufu ya kafuri. Nikadhani jirani alikuwa akifukuza mende sandukuni.

Siku moja kabla ya ndoa, binti alilijaribu. Shoga zake wakapiga vigelegele.

"Shoga, wewe utatuua!"

Bibi yake akaingia, akashika pindo, akalinusa.

"Hii sanda yangu," alisema.

Vigelegele vikakatika. Wazee wengi wa pwani hujinunulia sanda mapema na kuihifadhi na kafuri, wasije wakawahangaisha watoto. Jirani yangu aliinamisha kichwa. Sanda ya mtu aliye hai, nami nilikuwa nimeikata vipande. Hakuna mshono wa kuirudisha.

Binti akaanza kulivua. Vifungo vikamshinda.

"Kesho utavaa nini?" bibi akamuuliza.

"Bibi, mie siwezi."

"Mwenye sanda mie, si wewe. Vaa." Kisha akanigeukia. "Na wewe fundi, mie nizikwe na marinda?"

Akaketi mkekani taratibu.

"Basi sifi mpaka duka lilete bafta. Mwambieni muuzaji asifanye haraka."

Alicheka peke yake.

Kesho yake binti alipotoka, marinda yalifunguka kila hatua, kama kwenye picha. Watu wakashangilia. Mimi sikuweza kulitazama gauni, nilimtazama bibi. Yeye alilitazama mpaka lilipopotea njiani, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayekagua nguo yake mwenyewe.