Dodoso Lisilo na Amina

Kabla ya kwenda Segese kuwauliza wachimbaji wa dhahabu wanalionaje kanisa, ilinibidi nilijaribu dodoso langu kwa watu wachache. Nikaanzia nyumbani, Kagongwa, nikidhani huko kazi itakuwa nyepesi. Lakini tangu nimalize chuo kikuu, mama alikuwa na wasiwasi kwamba nimeiacha imani. Kila sala ya chakula alinichungulia aone kama nimefumba macho. Yake yalikuwa wapi wakati huo? Swali hilo nililimeza pamoja na ugali.

Nilimkuta anachambua dengu. Kaka, mchimbaji aliyekuja kupumzika, alikuwa amejilaza mkekani.

"'Kanisa lina faida maishani mwangu,'" nikasoma. "Nakubali sana, nakubali, sina uhakika, nakataa, au nakataa kabisa?"

"Amina," alisema mama.

"Amina haimo, mama."

"Unauliza habari za kanisa halafu amina haimo?"

Nikaweka alama kwenye nakubali sana. "'Ibada huchukua muda mrefu mno.'"

"Amina."

"Hapo unalilaumu kanisa."

"Silaumu. Ni ndefu. Amina."

Kaka akacheka. "Mimi niwekee mbili. Nikiwa chini kwenye duara, nakubali sana. Nikishatoka shimoni salama, nakataa."

"Chagua moja."

"Basi nifuate huko chini uniulize."

Mama akafuta mikono, akaichukua karatasi. "Sasa wewe. 'Kanisa lina faida maishani mwangu.'"

Kaka akaketi wima.

Nikaeleza kwamba mtafiti hajibu, ataharibu matokeo.

"Matokeo gani? Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Jibu, msomi," kaka akachochea.

Kukubali kungekuwa uongo. Kukataa, ningemwona mama analia juu ya dengu. Nikatazama katikati.

"Sina uhakika."

Mama alitoa kijiwe kwenye dengu, akakitupa. Kisha akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali. Nilijua utasema unakataa kabisa." Akanirudishia karatasi. "Jumapili tunakwenda wote. Kama huna uhakika, utaupataje ukiwa umelala?"

Nilitafuta kasoro katika hoja hiyo mpaka jioni. Chakula kilipoombewa, nikafumbua jicho moja. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, macho ya mama yalikuwa yamefumbwa, ametulia kabisa. Ya kaka yalikuwa kwenye mnofu mkubwa.