Siku Mama Alipoipika Mbegu

Enzi zetu, sisi Wanyarwanda tuliokulia Karagwe upande wa Tanzania, mtoto alikwenda shule na jembe begani, na Ijumaa aliongeza kopo la samadi. Samadi yenyewe uliizoa kwa mikono zizini kwa jirani, na harufu yake ilikaa kwenye sare mpaka Jumatatu. Wajukuu zangu hapa Kibagabaga, Rwanda, wakiona nyungunyungu kwenye chungu cha maua wanapiga kelele kwanza, kisha wanampiga picha. Wanajua mmea unahitaji maji, hewa na mwanga. Wameandika daftarini, wamepata alama zote, na udongo uliolowa hawajawahi kuushika.

Sisi tulifundishwa kwa kamba na vijiti. Mwalimu wa kilimo alitaka mistari iliyonyooka, na kati ya shimo na shimo alipima kwa rula yake ya mbao. Siku moja nilirudi nyumbani na kipande cha kamba, nikamkuta Mama chini ya migomba anamwaga maharage ya kila rangi: mekundu, ya njano, meusi madogo, meupe yenye madoa, na mengine ya zambarau ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Nikamwambia, kwa ujuaji wa mtoto wa darasa la nne, kwamba anapanda vibaya. Akanyoosha mgongo.

"Mvua ikizidi, haya meusi yanavumilia. Jua likizidi, ya njano yanavumilia. Mwalimu wako ana mshahara. Mimi nina haya."

Miaka mingi baadaye nililipa ada ya chuo kuelezwa jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi.

Kabla ya kuvuna, Mama alipita shambani peke yake na kufunga ukambaa wa mgomba kwenye mashina aliyoyapenda. Hayo hakuna aliyeyagusa. Yakikauka aliyapukuchua mwenyewe, akayachanganya na majivu yasibunguliwe, akayatia kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Mwaka mmoja mvua ilikosekana, tukaishi kwa majani ya maboga yaliyochemshwa bila chumvi. Mdogo wangu alikaa chini ya kile kibuyu mchana mzima, analia huku akikitazama. Mama alisema mbegu hailiwi, anayekula mbegu amekula na mwaka ujao. Kisha akatoka nje akaketi, ametupa mgongo. Siku hiyo nilimchukia mama yangu, na sioni sababu ya kulificha leo. Mvua iliporudi alipanda, tukala, na nadhani ndiyo sababu tuko hai.

Tuliporudi Rwanda alikuja na mbegu yake kwenye mkebe wa maziwa ya unga, ameupakata safari nzima. Wengine walikuja na magodoro. Aliipanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu, wakati ambapo Kibagabaga bado ilikuwa na miteremko ya kupanda kitu, na kila msimu aliufunga ukambaa wake kama zamani.

Mimi nilisoma kilimo, nikapata kazi kwenye ofisi iliyokuwa inasambaza mbegu bora. Siwezi kusema mbegu zile zilikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa kwangu. Wakubwa walitaka shamba la mfano la kuwaonyesha wageni, nikautoa mteremko wa Mama bila kumuuliza. Nikaleta aina moja tu, imepakwa dawa nyekundu, tukaipanda kwa mistari ambayo mwalimu wangu wa Karagwe angeipigia makofi. Mama hakukataa. Aliomba kona moja tu kando ya ua, apande yake kidogo isimpotee, maana tangu nianze kuuandaa mteremko ilikuwa imekwisha kukaa misimu miwili, na mbegu ya mkebeni haikai milele.

Nikamnyima. Nilimwambia zingechanganyika na kuniharibia zangu.

Ulikuwa uongo mtupu. Haragwe hujichavusha lenyewe, na ua linapofunguka kazi karibu yote imekwisha kufanyika. Nililijua hilo vizuri, niliulizwa kwenye mtihani. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikutaka wageni wa ofisini waone mchanganyiko wa mama yangu wa kijijini. Mama alinitazama kidogo, akasema, kama nimesoma hivyo, basi sawa.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alipika ndizi na maharage na isombe ya majani ya muhogo. Maharage yakiiva hupoteza rangi, yote yanakuwa ya kahawia, kwa hiyo sikutambua kitu. Nilikula nikasifia, nikaomba sahani ya pili. Sahani yake yeye ilikuwa na ndizi tupu.

"Kula, mwana wanjye," akasema. "Ndiyo ya mwisho."

Nilielewa kijiko kikiwa mdomoni. Nikameza.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Kisha mvua ikashuka bila kupumzika, mizizi ikaoza, na mistari yangu yote ikawa ya njano ndani ya wiki moja. Mama hakunilaumu. Alianza kuzunguka masoko, Remera, Kicukiro, anachambua kwenye magunia ya watu akitafuta yale yake. Nilimsindikiza mara moja tu. Muuzaji alimwambia kwa upole, "Mukecuru, bibi yangu, ya kuchanganya watu hawataki tena. Iko nyekundu, iko njano. Uchague." Alinunua kiganja cha njano ili asimchoshe yule kijana. Ya zambarau hakuyaona tena popote.

Siku hizi mteremko ule una sakafu ya matofali na gari langu. Wajukuu wanakula maharage ya kopo, na mmoja aliwahi kuniuliza yanaota kwenye mti gani. Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyepaswa kuwafundisha.

Mwaka aliofariki, Mama alikuwa kitandani, nami nikimlisha uji, akaniuliza ghafla jambo ambalo nilidhani amelisahau.

"Ile kona niliyokuomba. Kweli zingechanganyika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nyumba ilikuwa kimya, tulikuwa wawili tu.

"Kweli, Mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, uso ukalegea, kama mtu aliyehakikishiwa kwamba hakupoteza kitu bure. Akaomba uji zaidi.

Enzi zetu mtoto akimdanganya mama yake, mama alijua kabla sentensi haijaisha, na mtoto alichapwa. Mimi nilikuwa na shahada ukutani, nikaaminiwa.