Karatasi ya Kadhi

Mwezi uliopita nilirudi Eldas kumwona mama. Nyumba yetu ya mikeka, ile tuliyoikunja na kuipakia juu ya ngamia kila tulipohama, haipo tena. Pamejengwa chumba cha mabati, mchana kinawaka kama tanuri. Lakini mama alipoanza kufukiza kibuyu cha maziwa, ule moshi ulinirudisha nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nakuambia wewe, maana wa nyumbani hawapendi nilizungumze jambo hili.

Asubuhi zetu zilianza kwa kengele za mbao shingoni mwa ngamia na anjera, mkate wetu mwembamba, ya moto iliyopakwa samli. Nilikuwa nikikama mbuzi, nikichota maji, kisha mbio shuleni. Darasa la tano nilibaki msichana peke yangu, na baba alijisifu kwa hilo mbele ya wageni.

Mwaka ule baba mdogo aliumwa na nyoka malishoni, akafa. Eda ya mjane wake ilipokwisha, wazee waliamua aolewe na baba yangu, kama desturi ilivyotaka, ili watoto wasitoke kwenye ukoo.  Mama alisuka mikeka tangu alfajiri mpaka vidole vikachubuka. Nyanya alimwambia, "Mwanamke akivumilia, hata mke mwenza humzoea." Mama akaendelea kusuka.

Aliyekataa ni mama mdogo mwenyewe, yule mjane. Alipanda pikapu iliyobeba mbuzi mpaka Wajir, akakaa huko wiki mbili, akarudi na karatasi ya kadhi.

Wazee walikusanyika uani kwetu. Hakuna hata mmoja aliyejua kusoma.

"Binti yangu anasoma," baba alisema, akaniita.

Nilisoma kwa Kiswahili, kisha nikawaeleza kwa Kisomali: mjane asilazimishwe kuolewa, na watoto wake wabaki naye.

"Soma tena," alisema mzee mkubwa.

Nikasoma tena bila kukwama, nikitamani mwalimu angekuwepo anisikie.

"Wallahi, kadhi amesema kwa sheria ya Mungu. Hatubishani naye." Kisha akanitazama. "Huyu amefika darasa la ngapi?"

"La tano," baba akajibu.

"Linatosha. Leo amesoma ya mwenzake, kesho atasoma yake."

Baba alikuwa ameaibika mbele ya watu. Akaitikia kwa kichwa.

Jioni ile mama alipika wali na nyama ya mbuzi, akawa anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu msiba. Asubuhi alinipa fimbo ya kuchungia. Daftari zangu alikuwa ameshawashia moto wa chai.

Mama mdogo alipopata habari alikuja mbio. "Mwacheni mtoto asome. Kosa ni langu."

"Wewe umeshapata ulichotaka," baba alimwambia. "Nenda."

Akaenda. Alihamia Wajir, akauza maziwa sokoni, akawasomesha mabinti zake wawili. Mmoja leo ni karani Garissa. Baba hakumaliza mwaka, akaoa mke mwingine. Mimi niliozwa Bute nikiwa na miaka kumi na sita, kwa mtu nisiyemjua hata kwa sura. Elimu iliyoandika haya unayoyasoma niliimalizia ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni.

Safari hii nilimuuliza mama. Tulikuwa tunakunywa chai, sisi wawili tu.

"Mama, siku ile mbona hukunitetea?"

Aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa na furaha," akasema. "Nilidhani nimeokoka, mwanangu. Aliyeokoka haangalii nyuma."

 Wazee wale wamezikwa wote, na baba pia. Ngamia walimalizwa na ukame. Kengele zao sijui ziko wapi. Aliyebaki wa kulaumiwa ni mama peke yake, na mama ndiye mzazi pekee niliyebaki naye.