Picha ya Gisèle Juu ya Diski

Zamani kidogo, mtu akifariki mtaani Katoyi, hapa Goma, familia ilitafuta jeneza kwanza, kisha ikamtafuta Papa Fortunat. Alikuja na kamera yake begani, akarekodi misa, akarekodi makaburi, akarekodi na wajomba wakinyang'anyana kipaza sauti. Siku ya kuondoa kilio alileta diski, moja kwa kila tawi la familia, na watu wakaketi pamoja kumtazama marehemu wao kabla ya kutawanyika. Siku hizi kila mpwa ana simu mkononi na anajiona fundi. Papa Fortunat amebaki na kompyuta yake, mashine yake kubwa ya kuchezea diski, na muda mwingi kuliko anaouhitaji.

Diski zake zilijulikana kwa alama moja. Aliichapisha picha ya marehemu kwenye karatasi inayong'aa, akaikata duara kwa mkasi, akaibandika juu ya diski kwa gundi. Watu waliipenda sana. Diski isiyo na sura ya mtu, walisema, inafanana na zile za filamu zinazouzwa barabarani. Ni kweli kwamba mara nyingine mteja alirudi akilalamika kuwa diski inagoma nyumbani kwake. Papa Fortunat aliiingiza kwenye mashine yake, ikacheza vizuri kabisa, akamrudishia.

"Diski haina kosa," alimwambia. "Mashini yenu njo haina nguvu."

Na mteja aliondoka na aibu ya kuwa na mashine ya maskini.

Kisha akafa Gisèle, mke wake. Huyo, Papa Fortunat hakumrekodi. Aliibeba kamera mpaka mlangoni mwa kanisa, mkono ukakataa. Binti yao wa pekee, Mapendo, ameolewa Vitshumbi, kijiji cha ziwani, kwa mfanyabiashara wa samaki, na wiki ile barabara ilikuwa imefungwa. Mama yake akazikwa bila yeye. Yule binti alilia kwenye simu mpaka sauti ikakauka, halafu akaomba kitu kimoja tu.

"Papa, sikumuzika mama. Unitumie hata sauti yake."

Simu ya Mapendo ni ile ya vibonye, haiwezi kupokea video, lakini nyumbani kwao kuna televisheni na mashine ndogo ya diski inayotumia umeme wa jua. Basi Papa Fortunat akakusanya vipande vyote vya Gisèle alivyokuwa navyo: Gisèle anapepeta maharage, Gisèle kwenye ubatizo wa watu, Gisèle anamfokea mpiga kamera. Akavichoma kwenye diski kwa kompyuta yake. Akachagua picha nzuri kuliko zote, ile ya kitenge cha kijani, akaikata kwa uangalifu na kuibandika. Mama Nyiramahirwe, mwanamke wa Rutshuru anayeleta samaki Goma, aliifunga diski ndani ya nguo zake na kwenda nayo.

Simu ililia siku chache baadaye.

"Papa, ile diski inakatala kusoma."

"Inaandika nini?"

"Inazunguka, inalia krr, krr, kisha inaandika ati hakuna diski. Na diski iko mule ndani, niliiweka miye mwenyewe!"

Akamwuliza kama amepangusa vumbi, kama ameigusa diski kwa vidole vyenye mafuta ya samaki. Mapendo akacheka. Kutoka mafuta ya samaki wakafika kwa mtoto aliyeng'oka jino, na kutoka jino wakafika kwa kiboko aliyelala nyuma ya choo usiku kucha mpaka baba mkwe akashindwa kutoka. Simu ilipokatika, Papa Fortunat aliona kwamba anatabasamu peke yake nyumbani, na uso ulikuwa umesahau kazi hiyo, ukamwuma.

Lazima nieleze jambo moja, la sivyo utamwona mjinga. Kwa nini hakumpigia binti yake tu, kila alipotaka? Kwa malezi aliyopewa huko kwao Bushi, baba haendi kwenye nyumba alikoolewa binti yake bila kuitwa, na kupiga simu bila sababu ni kama kwenda. Watu watasema mzee anachungulia. Watasema ana njaa. Mambo ya binti na nyumbani kwao yalikuwa ya Gisèle. Akina mama ndio wanaoulizana habari. Yeye alikuwa akikaa pembeni na kusema, "Umusalimie." Gisèle alipoondoka, aliondoka na njia hiyo pia. Sasa diski mbovu ilikuwa imefungua njia nyingine.

Alichoma diski ya pili kwa mwendo wa pole, akahakikisha imefungwa vizuri mwishoni, kwa maana diski isiyofungwa hucheza tu kwenye mashine iliyoichoma. Akabandika tena picha ya kitenge cha kijani. Nayo ikagoma. Simu ikalia. Waliongea mpaka vitengo vya simu ya Mapendo vikaisha, na Papa Fortunat akaona haya kwa furaha aliyokuwa nayo.

Siku moja umeme ulikatika mtaa mzima. Alikuwa na mashine ndogo ya diski, yenye kioo chake, ambayo mteja mmoja aliiacha itengenezwe na hakurudi. Akaiunganisha na betri ya pikipiki, akaingiza nakala yake mwenyewe ya Gisèle, apate kumwona kidogo. Mashine ikalia krr, krr. Ikaandika kwamba hakuna diski.

Akachukua diski nyingine yenye video ileile, ambayo alikuwa hajaibandika kitu. Gisèle akatokea akipepeta maharage.

Alizipima mbili hizo kwenye kidole, moja baada ya nyingine, na hapo akaelewa. Karatasi ilikuwa nzito, na haikukaa katikati sawasawa. Mashine yake kubwa, kwenye umeme wa kutosha, iliizungusha kwa nguvu tu na kuficha kosa. Mota ndogo yenye umeme dhaifu ilichoka ikaacha. Kosa halikuwa Vitshumbi, wala halikuwa kwa wale wateja aliowarudisha nyumbani na aibu. Kosa lilikuwa la gundi yake.

Mama Nyiramahirwe alipopita, diski zote mbili zilikuwa mezani, ile isiyobandikwa kitu na ile yenye picha. Papa Fortunat akampa yenye picha.

Alijua. Tusimtafutie maneno. Na Mapendo alipopiga simu, alijifanya kushangaa, akamwambia aigeuze mashine, aisogeze karibu na betri, aipumzishe kidogo. Uongo wa fundi ni mbaya kuliko wa mtu mwingine, kwa sababu una maelezo. Lakini safari hii Mapendo hakucheka wala hakuleta habari za kiboko.

"Papa, misa ya mwaka ya mama inakaribia. Batu ba huku bote watakuya kwangu, na sina kitu cha kubaonesha. Mutoto ananiuliza, bibi alikuwa anaongea namna gani? Nikataka kumufwatisha. Papa, naanza kusahau sauti yake."

Papa Fortunat hakula siku ile. Kesho yake aliibeba mwenyewe ile diski isiyo na picha mpaka sokoni, akamtafuta Mama Nyiramahirwe kati ya mabeseni ya samaki, akaiweka mikononi mwake. Juu yake alikuwa ameandika jina tu, kwa kalamu: Gisèle.

Siku ya misa ya mwaka, Papa Fortunat alitoka kanisani, akasonga ugali wake, akaketi. Simu ikalia.

"Papa, inasoma! Inasoma! Usikilize!"

Mapendo aliisogeza simu kwenye televisheni. Kulikuwa na makelele ya nyumba iliyojaa, watoto, vikombe, mzee anayekohoa. Kisha watu wakanyamaza, na katikati yao akasikia sauti.

"Fortuna, weka kile kidude chini. Kuya ukule, bugali inapoa."

Nyumba nzima ilicheka kule Vitshumbi.

"Nakuya," Papa Fortunat alijibu, na alikuwa ameshanyanyuka kitini.

"Papa? Umesema nini?"

"Bule, mama. Mutazame tu."

"Asante sana, Papa. Tulikuchokesha na hizi madiski. Sasa inasoma muzuri, sitakusumbua tena."

Alitaka kusema kwamba hakuna usumbufu, lakini watu walikuwa wanamwita Mapendo, na simu ikakatika.

Kuanzia hapo simu yake ililia kwa matangazo ya kampuni tu. Mvua ilianza, ikapiga mabati, ikaacha. Alipika chakula kidogo, bado kikabaki. Mara nyingine aliishika simu, akalitafuta jina la binti yake, akaliangalia. Angesema nini? Kwamba yuko? Akairudisha mezani.

Kisha Mama Nyiramahirwe akabisha hodi mlangoni, akitoka sokoni.

"Papa Mapendo, kesho napanda Vitshumbi. Kuko muzigo?"

Papa Fortunat akageuka kuangalia kompyuta yake.

"Kuko. Upite asubuyi."

Alipobaki peke yake alitafuta video ya zamani ya komunyo ya kwanza ya Mapendo, ile ambayo Gisèle anamfunga kitambaa cheupe kichwani na kukifungua na kukifunga upya. Aliichoma kwa mwendo wa pole. Aliifunga vizuri mwishoni. Akaijaribu kwenye mashine ndogo, kwa betri ya pikipiki, nayo ikacheza toka mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata kidogo.

Akaitoa. Akachukua karatasi inayong'aa na mkasi, akaikata picha duara, akafungua chupa ya gundi.