Gari Lisiloruhusu Chakula

Gari langu lilikuwa na sheria moja: chakula hakiingii. Viti vyake ni vya rangi ya maziwa, na mtu aliyesoma kama mimi haweki ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye kiti cha rangi ya maziwa. Sheria hiyo niliitangaza nyumbani kwa mama, Kamachumu, mbele ya mke wangu, kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Mama aliitikia "haya", nami nikajisifu kwamba nimeeleweka.

Miezi michache baadaye gari likaanza kumisi. Kwenye tambarare linajikaza, ukilipandisha mlima linatetemeka kama mtu mwenye homa na taa ya injini inawaka. Tena lilijua kuchagua siku. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, ingawa alituapia kwamba la kulia bado linaona vizuri. Mwaka mzima aliahirisha upasuaji: mara kahawa haijavunwa, mara msimu wa kukamata senene unakaribia, mara mjukuu wa jirani anapata kipaimara. Siku alipokubali, mlima wa kwanza tu gari likaanza kukohoa. Akaniambia nimrudishe, kwa kuwa gari limekataa na yeye si mbishi. Alishuka na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu nioe.

Hospitali wakampa Jumatatu nyingine, wakaonya kwamba akikosa tena atarudi mwisho wa foleni. Mama naye akaniwekea sharti lake: gari likikohoa hata mara moja, asisikie tena habari ya macho.

Basi nikawa mtaalamu. Nilisoma kwenye simu usiku na mchana. Nikabadilisha kichujio cha mafuta, nikabadilisha pampu, nikakilaumu kituo cha mafuta, nikailaumu barabara ya Muleba. Fundi wangu wa Kibeta, tunakoishi, mtu mpole asiyesema sana, aliomba tuanze na plagi. Nikamweleza, kwa subira ya mwalimu, kwamba plagi zangu ni mpya. Akaendelea kufunga vitu nilivyomletea.

Jumamosi, akili iliponiishia, nilimwachia afanye anavyojua. Aliwasha injini, akaanza kuchomoa waya za koili zinazopeleka moto kwenye plagi, moja baada ya nyingine. Akichomoa ya kwanza, injini inalegea, anairudisha. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu akaichomoa na injini haikujali kabisa. Akazima, akaivuta koili nje. Mpira wake ulikuwa umelowa, na ndani ya shimo la plagi kulikuwa na dimbwi la rangi ya kahawia. Alinusa. Akaingiza koleo nyembamba, akatoa kipande cha jani la mgomba, halafu harage moja, zima kabisa.

"Mzee," aliniuliza kwa upole, "injini hii mnaipikia?"

Nilimpigia mke wangu. Alicheka mpaka nikakata simu, nikapiga tena. Kumbe mama hakuvunja sheria hata kidogo. Nilikataza chakula ndani ya gari. Juu ya injini si ndani. Kila tulipomtembelea, mimi nikizunguka shambani kukagua migomba nisiyoilima, mke wangu alifungua boneti na mama akaweka mwenyewe kifurushi chake cha ebitoke na maharage, ili kifike Kibeta kikiwa cha moto. Jioni nilikila. Tena nilimpongeza mke wangu kwamba hatimaye amejifunza kupika kama mama. Nilimpongeza mara tatu.

Fundi alipuliza shimo kwa upepo, akalikausha, akaweka plagi mpya na mpira mpya wa koili. Injini ikatulia. Hakunikumbusha kwamba alishasema plagi, na hilo liliniuma kuliko kama angenikumbusha.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama nje, amevaa nguo za kanisani, kifurushi kikifuka moshi mapajani. Nilimwambia leo kinakaa ndani ya gari. Halafu, kwa kuwa bado nilikuwa na ukali wangu wa kijinga, nikamuuliza kama kweli hakuwahi kuona mchuzi ukimwagika.

"Ningeonaje, mwanangu?" alisema. "Napapasa penye joto, naweka hapo."

Akainuka, akanyoosha mikono kunipa kifurushi. Alikinyoosha kuelekea mti wa kahawa. Mimi nilikuwa upande wake wa kulia.

Nilizunguka nikakipokea. Aibu ilinishika. Miezi yote ile nilikuwa nasikiliza injini ikikohoa, na jicho lake la kulia nililiamini kwa sababu kuliamini kulikuwa rahisi.

Njiani alikaa ameinamisha kichwa, akisikiliza kila mlima, akisubiri gari limwokoe. Halikukohoa. Tulipomaliza mlima wa mwisho alishusha pumzi.

"Limepona?"

"Limepona, mama."

"Haya," akasema. "Basi nipeleke na mimi."

Mchuzi ulikuwa umeshafika kwenye kiti. Sikusimama kuufuta.